Usafi Ulioishia Kwenye Kifundo cha Mkono

Saa moja jioni, Mbagala Rangi Tatu. Mafuta yanachemka kwenye karai, na watu saba wamejipanga wakisubiri chipsi mayai za kufunga. Muuzaji ni kijana nadhifu, amevaa aproni, na pembeni yake kuna ndoo yenye koki na kipande cha sabuni juu ya mfuniko. Amenawa, na waliosimama wamemwona akinawa. Anakata nyanya na vitunguu vya kachumbari. Mteja wa mbele anamwambia, "Kaka, nimeshalipa, angalia meseji." Kijana anaweka kisu chini, anachomoa simu mfukoni, anafungua kioo kwa kidole gumba kilicholowa maji ya nyanya, anasoma, anatikisa kichwa kukubali, anairudisha simu mfukoni. Kisha anachota kachumbari kwa vidole vilevile na kuipachika pembeni ya chipsi za moto.

Hakuna aliyeguna. Kijana ametimiza kila alichofundishwa kuhusu usafi, na wateja wake nao walifundishwa hayohayo. Chipsi zimepita kwenye mafuta ya moto, kwa hiyo hazina shida. Kachumbari haikupita kwenye moto wowote. Imepita kwenye vidole, na vidole vimetoka kwenye kioo cha simu ambayo asubuhi iliingia chooni, mchana ikashikwa na wakala, alasiri ikaazimwa na dereva wa bodaboda aliyeishiwa salio, na usiku uliopita ililala kwenye mto karibu na mdomo wa mwenyewe. Ile ndoo yenye koki haijawahi kuihusu simu hiyo hata siku moja.

Elimu ya usafi anayopewa mkazi wa Dar es Salaam, kuanzia darasa la kwanza hadi kwenye mabango ya zahanati, inaishia kwenye kifundo cha mkono. Katika muda wa miaka isiyofika 20, mkono huo umeongezewa kiungo kipya kinachoguswa kuliko kijiko, kuliko kitasa cha mlango, kuliko noti. Kiungo hicho hakioshwi. Na pale mtu anapoamua kukiosha, mara nyingi anakiosha kwa kitu kinachokiua.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini, na Dar es Salaam peke yake watu zaidi ya milioni 5.3. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zilionyesha kuwa mwishoni mwa mwaka 2024 laini za simu zilizosajiliwa zilikuwa zimevuka milioni 80. Laini zimewazidi watu. Wengi wana laini mbili au tatu, na bado zipo nyumba za Tandika na Mwananyamala ambako simu moja inahudumia baba, mama, watoto na jirani. Ukitaka kujua kitu kinachopita mikono mingi kwa siku katika mitaa hiyo, usianze na kikombe.

Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa pochi. Kibanda cha wakala kimekuwa benki ya mtaa, na ukikaa kwenye benchi la pembeni kwa nusu saa utaona jinsi benki hiyo inavyofanya kazi. Wakala ana simu tatu au nne mezani, kila moja na mtandao wake. Anahesabu noti kwa kulowesha kidole ulimini, anaandika kwenye daftari, anashika simu. Anafika bibi aliyetumiwa hela na mwanawe, macho hayaoni vizuri, anamkabidhi wakala simu yake na kumwomba, "Mwanangu, nisaidie kutoa." Wakala anabonyeza *150*00#, anamrudishia aweke namba ya siri, anaipokea tena kuhakikisha. Simu moja imekwenda na kurudi mara mbili katika muamala mmoja. Baada ya bibi anakuja mwingine. Hadi kufunga, meza ile imepitiwa na vidole ambavyo hakuna awezaye kuvihesabu.

Kipindi cha korona kiliongeza uzito kwenye jambo hili bila watu kutambua. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Ndani ya siku chache ndoo za maji na sabuni zilitokea kila mlango, kutoka Tegeta hadi Chamazi, na vitakasa mikono vikawa bidhaa ya kugombewa. Noti zikaogopwa. Mwezi Mei mwaka huo Benki Kuu ya Tanzania ilipandisha kiwango cha juu cha miamala ya simu kwa siku kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5, na kiasi cha kukaa kwenye akaunti kutoka milioni 5 hadi milioni 10, ili watu wapunguze kushika fedha taslimu. Uamuzi ulikuwa wa maana. Lakini mguso ulihama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kioo, na hakuna aliyetundika bango la kuwaambia watu wakisafishe kioo hicho.

Je, simu ni chafu kiasi hicho? Mwaka 2011 watafiti wa vyuo viwili vya London walichukua sampuli 390 za mikono na simu katika miji 12 ya Uingereza, nchi yenye maji ya bomba kila nyumba. Simu 92 kati ya kila 100 zilikuwa na bakteria. Zito zaidi ni hili: simu moja kati ya 6 ilikuwa na bakteria wa E. coli, wale wanaotoka kwenye kinyesi. Miaka miwili kabla, nchini Uturuki, watafiti waliwapima wahudumu wa afya 200 wa hospitali na kukuta asilimia 94.5 ya simu zao zina bakteria. Takriban tisa kati ya kila kumi walikuwa hawajawahi kuzisafisha simu hizo. Hao ni watu wanaonawa mikono kama sehemu ya kazi.

Mwaka 2020 wanasayansi wa taasisi ya CSIRO ya Australia walionyesha kuwa virusi vya korona vinaweza kukaa hai kwenye kioo hadi siku 28 katika nyuzi joto 20, gizani. Habari hiyo ilitisha dunia, lakini ina nusu ya pili ambayo haikusambaa sana: katika nyuzi joto 40 muda huo ulipungua sana. Na mwezi Aprili 2021 kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, CDC, kilikadiria kuwa uwezekano wa kupata korona kwa kugusa kitu chenye virusi ni chini ya mara moja kwa kila miguso 10,000. Korona ilikuwa ikisafiri kwa hewa. Vilevile kipindupindu, kilicholipuka Kinondoni Agosti 2015 na hadi Aprili 2016 kikawa kimewapata zaidi ya watu 20,000 na kuua zaidi ya 300 nchini, njia yake kuu ni maji na chakula. Kimelea chake hakistahimili ukavu, na kioo kikavu si makazi yake.

Kwa hiyo mwenye simu hana sababu ya kuiogopa kama nyoka. Ana sababu ya kuitazama kama anavyoutazama mkono wake. Bakteria wa tumbo, wa majipu na wa macho mekundu hawahitaji simu iwe mtambo wa maangamizi. Wanahitaji tu daraja kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, kutoka chooni hadi mdomoni. Mtu akinawa kwa sekunde 20 kisha akashika kioo ambacho hakijapanguswa tangu Idi, mikono yake imerudi pale ilipokuwa. Katika mitaa ambayo maji hununuliwa kwa dumu, huko ni kumwaga maji yaliyolipiwa.

Wapo wanaojaribu kuzisafisha simu zao, na hapo ndipo hasara inapoingia. Fundi simu yeyote wa Tandale au Tandika atakueleza aina za vifo vya simu anavyoletewa. Kuna iliyopanguswa kwa petroli, mpaka kava la plastiki likababuka. Kuna iliyosuguliwa kwa thina ya rangi, kioo kikapoteza utelezi wake na kuanza kukamata mafuta ya vidole kuliko mwanzo. Kuna iliyopanguswa kwa kitambaa kilicholowa maji yenye Jiki, yakapenya kwenye spika na kula vyuma vya ndani. Kuna iliyopuliziwa kitakasa mikono moja kwa moja kwenye tundu la chaji. Na kuna iliyooshwa bombani na mwenyewe akiamini tangazo kwamba haiingii maji.

Kila kosa lina sababu yake. Kioo cha simu janja kimepakwa utando mwembamba sana unaozuia mafuta ya ngozi yasigande. Thina na petroli huuondoa, na ukishaondoka haurudi. Dawa ya klorini kama Jiki huua vijidudu kweli, lakini pia hutafuna chuma, na ikichanganywa na spiriti hutoa kemikali zenye sumu. Uwezo wa simu kuzuia maji hupimwa kiwandani kwa maji safi kwenye simu mpya. Mpira wa kuziba huchoka kadiri simu inavyoanguka na kuzeeka, na maji ya chumvi ya Kunduchi au Kigamboni hayamo kwenye ahadi hiyo.

Kosa jingine linatokana na kuangalia bila kuuliza. Watu humwona fundi ameifungua simu, amemimina spiriti kwenye bodi, anaisugua kwa mswaki, nao huondoka wakiamini kuwa simu haina shida na kimiminika. Wasichokiona ni kwamba kabla ya yote fundi amechomoa waya wa betri. Kimiminika na umeme vikikutana ndipo bodi inapoungua. Fundi ameviachanisha kwanza, na hataunganisha betri hadi spiriti yote ikauke.

Mchele nao haumo kwenye tiba. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake hadharani wasizike simu iliyolowa kwenye mchele, kwa kuwa vipande vidogo na vumbi lake huingia kwenye matundu na kuharibu. Jua la saa sita pia si dawa. Ule mwanga wa jua unaoua vijidudu kwa haraka, aina inayotumika kwenye mashine za hospitali, huzuiwa na tabaka la ozoni kabla haujafika ardhini. Kinachofika juu ya simu iliyoanikwa ukutani Buza ni joto, na joto ndilo adui mkubwa wa betri.

Na Konyagi? Swali hilo huulizwa kwa dhati kabisa. Konyagi ina alkoholi ya asilimia 35. Ili alkoholi iue vijidudu vizuri inatakiwa ifike angalau asilimia 60, na kiwango kinachotumika hospitalini ni 70. Cha kushangaza ni kwamba ile ya 99 haifanyi kazi vizuri kuliko ya 70. Maji yaliyomo kwenye ile ya 70 ndiyo yanayosaidia alkoholi kupenya na kuvuruga protini za kijidudu, na ndiyo yanayoichelewesha isikauke kabla haijamaliza kazi. Alkoholi kali mno huruka hewani upesi na kuacha kazi nusu.

Njia sahihi, basi, ni rahisi kuliko zote zilizotajwa. Zima simu na uichomoe kwenye chaji. Vua kava, kwa sababu uchafu mwingi hujificha kati ya kava na mgongo wa simu. Kava la raba au plastiki ngumu linaoshwa kwa maji na sabuni, linaachwa likauke kabisa. Chukua kitambaa laini, kile cha kufutia miwani kinafaa sana, pangusa kwanza vumbi na mafuta kikiwa kikavu au kikiwa na unyevu kidogo tu. Kisha matone machache ya spiriti ya asilimia 70 kutoka duka la dawa yawekwe kwenye kitambaa, yasiwekwe kwenye simu. Pangusa kioo, mgongo na pembeni, ukikwepa matundu. Kioo kionekane kimelowa kidogo kwa muda wa kama nusu dakika, halafu kikauke chenyewe. Mwisho nawa mikono. Kazi nzima haifiki dakika tatu, na maji yanayotumika hayajazi kikombe cha kahawa. Hata Apple, ambayo zamani iliwakataza wateja wake kutumia alkoholi, ilibadili maelekezo yake Machi 2020 na kuruhusu vitambaa vyenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 70. Jiki iliendelea kukatazwa.

Tundu la chaji lina habari yake. Vumbi la barabara za Goba na Chamazi, pamoja na manyoya ya mfuko wa suruali, hushindiliwa humo kila waya unapochomekwa, hadi waya haufiki mwisho. Simu inagoma kuchaji, mwenyewe anapanda daladala hadi Kariakoo, ananunua chaji mpya, anarudi, bado inagoma. Kijiti kikavu cha kuchokolea meno, simu ikiwa imezimwa, huitoa ile taka taratibu kama pamba. Pini na sindano zisitumike, kwani chuma huvunja meno madogo ya ndani au kuyaunganisha. Kupuliza kwa mdomo nako kunaingiza mate.

Kompyuta za steshenari zinastahili uangalizi uleule. Kila siku vijana wanaoomba ajira, wazazi wanaotafuta fomu za shule na wafanyabiashara wanaochapa risiti hugusa kibodi moja na mausi moja. Kibodi igeuzwe juu chini, ipigwe kidogo itoe makombo, ipitishwe brashi laini, kisha ipanguswe kwa kitambaa chenye spiriti, kompyuta ikiwa imezimwa na waya umetolewa ukutani. Kioo cha kompyuta kisichong'aa kisipakwe spiriti mpaka maelekezo ya mtengenezaji yaruhusu. Kitambaa chenye unyevu wa maji safi kinatosha. Vipokea sauti vya masikioni havifai kuazimana. Rimoti ya king'amuzi, ambayo nyumba nzima huishika wakati wa kula, huwa inasahaulika kabisa.

Kuna kisa kinachoonyesha jinsi jambo hili lilivyo zito pale ugonjwa unapokuwa mkali. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, mwaka 2014, madaktari wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wakiwahudumia wagonjwa ndani ya eneo lililozungushiwa uzio. Hata karatasi haikuruhusiwa kutoka humo. Daktari aliyevaa mavazi ya kujikinga alilazimika kusimama kwenye uzio na kumpigia kelele mwenzake wa upande wa pili ili aandike hali ya mgonjwa. Shirika hilo likashirikiana na wahandisi wa Google kutengeneza kompyuta bapa iliyofungwa ndani ya plastiki ngumu, isiyo na kona kali za kuchana glavu, inayochajiwa kwa kulazwa mezani tu, na inayoweza kuzamishwa kwenye klorini ya asilimia 0.5. Ilibidi kutengeneza kifaa maalumu, kwa sababu simu ya kawaida haiwezi kuoshwa kwa dawa ile ikabaki salama. Tanzania imekwisha kupambana na Marburg mkoani Kagera mara mbili, mwaka 2023 na 2025, na Machi 2025 ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa mpox. Zoezi la kujua kusafisha simu lianze kabla ya kengele nyingine kulia.

Nchi hii inajua kufundisha usafi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi, wakakaa kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Mwaka 2024 kampeni hiyo ilirudishwa. Redio ya mwaka 1973 ilikaa juu ya meza na kusikilizwa. Haikuingia chooni wala haikugusa kachumbari. Chombo kinachobeba ujumbe wa afya leo ni simu, na chombo chenyewe hakimo kwenye ujumbe.

Hapa ndipo wenye dhamana wanapotakiwa kusogea. Mitandao ya simu hutuma ujumbe kila mara kuwaonya wateja juu ya matapeli. Ujumbe mmoja kwa mwezi kuhusu kitambaa na spiriti hautaifilisi kampuni yoyote. Mawakala hupewa mabango, fulana na miavuli yenye rangi za mtandao; wapewe pia chupa ndogo na kitambaa, vifungwe kwenye kaunta kwa kamba kama ile kalamu ya wateja. Fundi simu aipanguse simu mbele ya mteja kabla ya kuikabidhi, kama kinyozi anavyopangusa mashine yake. Muuza chipsi anaweza kuitundika simu ukutani usawa wa macho, meseji ya malipo isomwe bila kuguswa, au malipo yapokelewe na mtu mwingine asiyeshika chakula.

Na maafisa afya wa kata wapo. Wanapita kwa mama lishe na wauza chipsi wa Temeke na Kinondoni, wanauliza cheti cha kupimwa afya, wanafunua ndoo kuangalia maji, wanatazama kucha, wanauliza choo kiko wapi. Orodha yao ya maswali ni nzuri na imeokoa watu. Inatosha waongeze swali moja mbele ya karai la Rangi Tatu, wakati kijana mwenye aproni bado ameshika kisu cha nyanya: "Na simu yako, unapohudumia, huwa unaiweka wapi?"